Oksijeni Inaishia Wapi? Shajara ya Mradi wa Upumuaji wa Seli, Ujiji

Jumamosi ya kwanza

Mradi umeanza leo asubuhi tukiwa na wanafunzi 14 wa kidato cha pili na cha tatu, chumba kimoja cha darasa tulichoazimwa, vipimajoto viwili, na nia ya kuonyesha, kwa vitu vinavyopatikana hapahapa Ujiji, namna seli hai inavyotoa nishati katika chakula. Nilikuwa nimepanga tuanze na hamira. Mpango huo ulibadilika kabla ya saa nne.

Nilipokwisha kuandika ubaoni kwamba glukosi pamoja na oksijeni hutoa hewa ukaa, maji na nishati, binti mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, oksijeni ninayoivuta ikishaingia mwilini inakwenda wapi?" Wenzake walimjibu kwa sauti moja kwamba inageuka kuwa hewa ukaa, kisha inatoka. Nilipowauliza wamejuaje, walisema jambo lenyewe liko wazi: inaingia oksijeni na inatoka hewa ukaa, kwa hiyo ya kwanza imekuwa ya pili.

Jibu hilo si sahihi, ingawa nimelisikia mara nyingi kwa watu wazima waliosoma. Oksijeni tunayoivuta inaishia kuwa maji. Ile oksijeni iliyomo ndani ya hewa ukaa tunayoitoa imetoka kwenye chakula chenyewe na kwenye maji yanayoingizwa katika mabadiliko ya kikemia yanayoendelea ndani ya seli. Ningeweza kuwaambia hivyo papo hapo, wakaandika daftarini na kunirudishia siku ya mtihani, lakini wasingekuwa na sababu yoyote ya kuliamini isipokuwa kwamba mwalimu amesema. Nimeamua mradi mzima ulifuate swali la binti huyu, na kila jaribio lipimwe kwa kiasi linavyotusogeza kwenye jibu.

Sehemu ya ugumu ni ya lugha. Neno kupumua tunalitumia kwa kazi ya pua na mapafu, na tunalitumia tena kwa kazi inayofanyika ndani ya kila seli, iwe ya misuli, ya ubongo au ya mzizi wa mchikichi usio na mapafu. Katika shajara hii nitasema kuvuta na kutoa pumzi kwa kazi ya mapafu, na upumuaji wa seli kwa kazi ya ndani. Wanafunzi wameagizwa kufanya vivyo hivyo, na anayechanganya anasahihishwa na mwenzake.

Jumamosi ya pili

Leo tumeshughulika na neno jingine linalopotosha, nalo ni kuchoma. Vitabu na wahudumu wa afya husema mwili unachoma chakula, na wanafunzi wanapiga picha ya moto mdogo tumboni.

Tulichoma karanga kwenye ncha ya pini, tukaishika chini ya kopo la bati lenye mililita 100 za maji, tukaiwasha. Karanga yenye uzito wa gramu 0.8 ilipandisha joto la maji kwa nyuzi 15. Kwa kuwa gramu moja ya maji huhitaji takribani jouli 4.2 ili ipande kwa nyuzi moja, maji yale yalipokea jouli 6,300 hivi, ilhali karanga ya uzito huo ina takribani jouli 19,000. Theluthi mbili zilipotelea hewani, kwenye bati na kwenye masizi yaliyotuchafua vidole.

Kisha tukajaribu sukari. Tuliiweka kwenye kijiko juu ya mshumaa, ikayeyuka, ikawa kahawia, ikatoa moshi wenye harufu tamu, lakini haikushika moto. Mvulana mmoja alisema kwa mshangao kwamba kama sukari inakataa kuwaka juu ya mshumaa, basi haiwezekani iwake mwilini kwenye nyuzi 37. Nilimwambia ameligusa jambo lenyewe. Sukari haiwaki mwilini. Inavunjwa kwa hatua nyingi, na kila hatua ina kimeng'enya chake kinachoshusha kizuizi kiasi kwamba joto la kawaida la mwili linatosha kukivuka. Safari ya kwanza ya glukosi peke yake, kabla oksijeni haijahusika, ina hatua 10 na vimeng'enya 10.

Niliwasimulia pia habari za Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, ambao katika majira ya baridi ya 1782 na 1783 kule Ufaransa walimweka mnyama mdogo wa kufugwa ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake na kuilinganisha na ile iliyoyeyuka kwa mkaa uliowaka hadi kutoa kiasi kilekile cha hewa ukaa. Walikuwa sahihi walipoona kwamba uhai na moto vinatumia oksijeni kwa hesabu zinazokaribiana. Lakini Lavoisier aliamini kwamba uchomaji huo unafanyika mapafuni, na wanafunzi wangu walikuwa wamesimama mahali hapohapo alipokuwa amesimama yeye. Sioni aibu yoyote katika hilo. Iliwachukua wanasayansi miaka mingi kuuhamisha upumuaji kutoka mapafuni hadi ndani ya seli.

Jumamosi ya tatu

Hamira, hatimaye. Tuliweka kijiko kimoja cha hamira na vijiko viwili vya sukari kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu, tukavisha mdomo wa chupa puto. Chupa ya pili ilikuwa na hamira bila sukari, na ya tatu ilikuwa na hamira iliyomiminiwa maji yaliyochemka. Baada ya dakika 40 puto la kwanza lilisimama wima, la pili lilijaa kidogo sana, na la tatu lilibaki limelala.

Kuthibitisha kwamba gesi ile ni hewa ukaa kulitugharimu saa nzima. Tulitengeneza maji ya chokaa kwa chokaa ya kupakia nyumba, tukayaacha yatuame, tukayachuja, tukapitisha gesi ndani yake, na maji hayakubadilika. Chokaa hiyo ilikuwa imekaa kwenye mfuko uliofunguliwa tangu mwaka jana, ikaendelea kufyonza hewa ukaa kutoka hewani hadi karibu yote ikageuka kuwa kaboneti, ambayo haina kazi tena katika jaribio hili. Tulinunua mfuko mpya dukani, tukarudia, na maji yakawa meupe kama maziwa ndani ya dakika mbili.

Jambo kubwa la siku lilikuwa hili: ndani ya chupa ile hapakuwa na oksijeni ya kutosha, na bado hamira ilifanya kazi. Molekuli moja ya glukosi yenye kaboni 6 hukatwa kuwa molekuli mbili za piruvati zenye kaboni 3 kila moja, na seli inabaki na faida ya molekuli 2 za ATP, ambayo ndiyo inayopeleka nishati kwenye kazi zote za seli, kuanzia kukaza msuli hadi kujenga protini. Katika kukata huko, elektroni pamoja na haidrojeni huondolewa kwenye sukari na kupewa mchukuzi anayeitwa NAD. Wachukuzi hawa ni wachache. Wakishabeba mzigo wote na wasipate pa kuutua, ukataji wa glukosi unasimama. Hamira isiyo na oksijeni inautua mzigo kwenye mabaki ya piruvati baada ya kutolewa hewa ukaa, na kinachopatikana ni alkoholi, ile harufu ambayo mama zetu huinusa kwenye unga wa maandazi ulioachwa ukaumuka kupita kiasi. Msuli wa mkimbiaji uliokosa oksijeni ya kutosha unautua kwenye piruvati yenyewe, na kinachopatikana ni laktiki.

Kwa maneno mengine, alkoholi na laktiki havitengenezwi ili kutoa nishati zaidi. Ni mahali pa kutua mzigo. Binti mwenye swali aliandika sentensi hiyo daftarini na kuipigia mstari, halafu akauliza kama oksijeni nayo ni mahali pa kutua mzigo. Nilimwomba alihifadhi swali hilo kwa majuma mawili.

Nilimaliza kwa kuwakumbusha kwamba hadi mwisho wa karne ya 19 wapo walioshikilia kwamba uchachu hauwezekani pasipo seli iliyo hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner alisaga hamira, akakamua maji yake, akaona maji hayo yasiyo na seli hata moja nzima yanachachusha sukari vilevile. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Tangu hapo uhai wa ndani ya seli ukawa jambo linaloweza kuchunguzwa hatua kwa hatua, kimeng'enya kwa kimeng'enya.

Jumamosi ya nne na ya tano

Nayaandika majuma haya mawili pamoja kwa sababu la kwanza liliharibika na la pili likalieleza.

Tulichukua chupa mbili za chai. Katika ya kwanza tuliweka maharage yaliyolowekwa na kuanza kuchipua, na katika ya pili maharage yaliyochemshwa. Kila chupa ilizibwa kwa pamba yenye kipimajoto katikati, kisha ikalazwa kichwa chini ili hewa ukaa, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, itoke badala ya kujaa na kuyaziba maharage. Chumba kilikuwa na nyuzi 25. Siku ya pili maharage hai yalisoma nyuzi 31 na yaliyochemshwa 25, kama nilivyotarajia. Siku ya nne maharage hai yalisoma 33, na yale yaliyochemshwa, yaliyokufa kabisa, yalisoma 30.

Wanafunzi walinitazama. Mmoja alisema kwa heshima kwamba pengine nadharia si ya kweli kwa maharage ya Kigoma. Sikumkemea, kwa sababu alikuwa anaamini kipimo kuliko maneno yangu, na hilo ndilo ninalolitaka. Tulifungua chupa, na harufu ikatoa jibu: maharage yale yalikuwa yamefunikwa na ute wa bakteria na nyuzi nyeupe za ukungu. Yalikuwa yamekufa, lakini yalikuwa yamegeuka chakula cha viumbe hai vingine, navyo vilikuwa vinafanya upumuaji wa seli na kutoa joto.

Juma lililofuata tuliosha chupa na maharage yote kwa maji yenye dawa ya klorini, tukasuuza, tukarudia. Safari hii yaliyochemshwa hayakupita nyuzi 26 kwa siku nne, na yaliyo hai yalifika 32. Nimewaambia wanafunzi wasiifute ile karatasi ya vipimo vya kwanza. Ukungu umetufundisha kwamba upumuaji wa seli si mali ya wanyama wala ya mimea peke yake, na jaribio lililokwenda sawasawa lisingeweza kutufundisha hilo.

Joto lile linatoka wapi? Gramu 180 za glukosi zikiungana kikamilifu na oksijeni hutoa takribani kilojouli 2,870. Seli yenye oksijeni hupata kutokana na kila molekuli moja ya glukosi molekuli 30 hadi 32 za ATP. Ukihesabu kilojouli 30.5 kwa kila kipimo cha ATP, utaona seli imehifadhi theluthi moja hivi, na inayobaki hutoka kama joto. Hilo ndilo joto la maharage, na ndilo linaloweka mwili wa binadamu kwenye nyuzi 37.

Hapa sina budi kueleza kuhusu namba 38, kwa sababu wazazi wawili wameniuliza kwa nini watoto wao wameandika tofauti na kitabu. Vitabu vingi tulivyosomea sisi vinasema glukosi moja hutoa ATP 38 au 36. Hesabu hiyo ilifanywa kwa kudhani kwamba kila mzigo wa NAD unatoa ATP 3 kamili na kila mzigo wa mchukuzi mwenzake, FAD, unatoa 2. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba ni takribani 2.5 na 1.5, kwa sababu sehemu ya nishati hutumika kusafirisha vitu kuingia na kutoka ndani ya mitokondria, vile vyumba vidogo ndani ya seli ambamo kazi hii ya oksijeni hufanyika. Nimewaambia wanafunzi waijue 38 kama historia na waitumie 30 hadi 32 katika hesabu zetu, na wakikutana na swali la mtihani linalofuata kitabu cha zamani, wajibu kwa kitabu hicho na kuendelea kuujua ukweli.

Jumanne, ufukweni Kibirizi

Haya hayakuwa katika ratiba. Nilikuwa na wanafunzi sita tuliokwenda kutafuta boti la kutupatia sampuli ya maji ya ziwa, tukakuta wachukuzi wanapakia magunia ya unga. Lori lilikuwa limeegeshwa juu kwenye mteremko, boti chini majini, na kati yao watu wanane wamesimama mstari mmoja, kila mmoja chini kidogo ya mwenzake, gunia likipita mkono kwa mkono hadi kwa mtu wa mwisho aliyesimama ndani ya boti. Nilisimama pale nikatambua kwamba huu ndio mfano nilioukosa kwa miaka yote niliyofundisha.

Gunia lile lingesukumwa kutoka kwenye lori likaporomoka lenyewe hadi chini, lingefika kwa kishindo na kupasuka. Hiyo ni karanga yetu juu ya pini. Likipita mikononi, linashuka urefu uleule, lakini kwa vishusho vidogo ambavyo kila kimoja kinaweza kufanyiwa kazi. Ndani ya mitokondria, katika utando wake wa ndani, wamepangwa wapokeaji wa elektroni kwa namna hiyohiyo. NAD anafika na mzigo uliotoka kwenye chakula, anampa mpokeaji wa kwanza, naye anampa wa chini yake, hadi wa mwisho. Na anayesimama ndani ya boti ni oksijeni. Inapokea elektroni, inachukua na haidrojeni iliyoko majini hapo, inakuwa maji.

Binti mwenye swali alikuwepo. Alitazama mstari ule kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo, Mwalimu, oksijeni haileti kitu. Inapokea." Nilimwambia ndivyo. Tulikaa hapo hadi mtu wa kwenye boti aliposimama kufunga kamba iliyolegea, na mara moja mstari mzima ukasimama, kila mtu na gunia lake mikononi, hata yule wa juu kabisa karibu na lori. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi kwa nini mtu akikosa oksijeni kwa dakika chache ubongo wake unaharibika ilhali damu yake bado imejaa sukari.

Mfano huu una mpaka wake, na niliusema palepale wasije wakaubeba kupita unapofika. Wachukuzi hawajengi kitu wanaposhusha gunia. Kwenye mitokondria, vituo vitatu katika mstari ule hutumia nishati ya mshuko kusukuma protoni, yaani haidrojeni iliyopoteza elektroni yake, kwenda upande wa pili wa utando, zikarundikana huko kama maji nyuma ya bwawa, kisha zikarudi kwa kupitia kimeng'enya kimoja ambacho kinazunguka kweli kama gurudumu, na kila mzunguko mmoja unaunda ATP 3. Peter Mitchell, Mwingereza, alitoa wazo la protoni mwaka 1961, wengi wakalikataa kwa miaka, na mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Kuhusu gurudumu lenyewe, mwaka 1997 watafiti wa Kijapani walilibandika uzi wa protini unaong'aa wakauona ukizunguka chini ya hadubini. Nimekuwa nikifundisha somo hili muda mrefu, na kila nikifika hapa nasimama kidogo, kwa kuwa gurudumu hilo linazunguka sasa hivi ndani ya mkono unaoandika. Mwili wa mtu mzima huwa na ATP isiyozidi robo kilo kwa wakati mmoja, lakini kwa siku nzima huunda na kutumia kiasi kinachokaribia uzito wa mwili wenyewe.

Sampuli ya maji tuliipata, ingawa ni ya juu tu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kuanzia mita 100 hadi 200 na kitu kwenda chini hakuna oksijeni. Huko hakuna dagaa wala mgebuka. Wapo bakteria, na baadhi yao hutua mzigo wa elektroni kwenye salfeti badala ya oksijeni. Boti lile lina mtu mwingine ndani yake.

Jumamosi ya sita

Tumemtembelea bibi mmoja jirani anayetengeneza unga wa muhogo. "Shikamoo, bibi," tulimwamkia. "Marahaba, wanangu. Karibuni, ila msikanyage makopa yangu." Alikuwa ameyaanika juu ya mkeka uani. Nilimwomba awaeleze wanafunzi kwa nini analoweka muhogo mchungu. Alisema anauacha majini siku tatu au nne mpaka ulainike, ndipo anauanika hadi ukauke kabisa. "Ukiharakisha, watoto wataumwa kichwa na kutapika. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha yeye."

Anachokijua bibi huyu kwa mikono kinaelezeka kwa mstari wa Kibirizi. Muhogo una linamarini, kitu kinachobeba sianidi ndani yake, na muhogo unapolainika au kusagwa, kimeng'enya cha muhogo wenyewe huivunja na hatimaye sianidi, ambayo ni sumu, huachiliwa. Sianidi huyeyuka majini na hupaa hewani kwa urahisi, kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi 26 tu, ndiyo maana kuloweka na kuanika kunaiondoa. Ikibaki na kuingia mwilini, inakwenda moja kwa moja kwa mpokeaji wa mwisho kabla ya oksijeni, inajishika kwenye chuma kilichomo ndani yake, na mkono ule hauwezi tena kuikabidhi oksijeni mzigo. Oksijeni ipo, imejaa kwenye damu, lakini hakuna anayeipa kitu. Mtu anakosa nishati ilhali mapafu yake yanavuta hewa safi.

Kiasi kidogo cha sianidi mwili huweza kukigeuza kuwa kitu chenye madhara madogo zaidi, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Ugali wa muhogo kwa dagaa, chakula cha kila siku hapa kwetu, una sababu nyingine nzuri mbali na utamu. Bibi alifurahi kusikia hilo, akasema watoto wa siku hizi wanataka ugali kwa mchuzi mtupu.

Jumamosi ya saba

Siku fupi. Tulikwenda kwa watengeneza sabuni kununua kostiki kwa ajili ya jaribio la mwisho, tukatumia nafasi hiyo kuzungumza juu ya mawese. Asidi ya palmitiki, ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya asidi zote za mafuta zilizomo katika mawese, ilitambuliwa na Edmond Frémy mwaka 1840 alipokuwa akigeuza mawese kuwa sabuni, kazi ileile waliyokuwa wakiifanya akina mama wale mbele yetu. Ina kaboni 16. Seli huikata kaboni mbili mbili, mara saba, ikapata vipande nane, na kila kipande kinaingia kwenye mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937 kutokana na kazi yake juu ya misuli ya kifua ya njiwa. Faida yake ni ATP 106.

Kwa nini gramu moja ya mafuta ina kilojouli 37 na gramu moja ya wanga ina 17? Kwa sababu sukari imekwisha kushika oksijeni nyingi kabla hujaila, kwa hiyo imekwisha kushuka sehemu ya mteremko. Mafuta bado yako juu kwenye lori. Na kwa kuwa yana haidrojeni nyingi na oksijeni kidogo, yanahitaji oksijeni nyingi zaidi ya kupokea. Niliwaachia sentensi hiyo ya mwisho, nikawaomba wakadirie nini kitaonekana juma lijalo.

Jumamosi ya nane na ya tisa

Jaribio la kupima oksijeni. Tulitumia chupa za nusu lita, vizibo vilivyozibwa kwa nta ya mshumaa, na mirija ya dripu iliyo wazi, tukiweka tone la maji yenye rangi ndani ya kila mrija. Gesi ikipungua ndani ya chupa, tone linavutwa kuelekea ndani. Chupa zote zilikaa kwenye beseni moja la maji ili joto lisitofautiane, na chupa moja ilijazwa kokoto ili tujue mabadiliko yanayotokana na hewa ya chumba peke yake. Kostiki ilishikwa na mimi tu, kwa glavu, kwa kuwa inaunguza ngozi. Kazi yake ni kunyonya hewa ukaa yote, ili kinachosomwa kwenye mrija kiwe oksijeni iliyotumika.

Siku ya kwanza nta ilivuja kwenye chupa mbili na hatukupata kitu. Siku ya pili, baada ya kuondoa mwendo wa chupa ya kokoto, tulisoma hivi kwa dakika 30: mahindi yanayochipua yakiwa na kostiki, tone liliingia milimita 41, mahindi bila kostiki, milimita 1, yaani halikusogea kwa kweli, karanga zinazochipua zikiwa na kostiki, milimita 52, karanga bila kostiki, milimita 17.

Tulikaa juu ya namba hizo hadi adhana ya adhuhuri. Mahindi hutumia wanga, na kwa kila molekuli 6 za oksijeni zinazoingia, hutoka 6 za hewa ukaa, kwa hiyo tone halisogei. Usawa huo ndio uliowafanya wanafunzi waamini kwamba oksijeni imegeuka kuwa hewa ukaa. Karanga hutumia mafuta, na hapo usawa unavunjika. Asidi ya palmitiki inahitaji molekuli 23 za oksijeni na hutoa 16 tu za hewa ukaa, uwiano wa karibu 0.70. Karanga zetu zilitumia 52 na kutoa 35, yaani 52 ukiondoa 17, uwiano wa 0.67. Kama oksijeni ingekuwa inageuka hewa ukaa, moja kwa moja, sehemu hiyo iliyopungua ingekuwa imekwenda wapi? Mvulana wa sukari alijibu kabla sijamaliza: imekwenda kwenye haidrojeni ya mafuta, imekuwa maji.

Nilisisitiza kwamba hata katika mahindi oksijeni yote inayotumika katika mstari ule inakuwa maji, na kwamba ule usawa wa 6 kwa 6 unatokana na jinsi wanga ulivyoumbwa. Jaribio letu halikuiona oksijeni ikigeuka maji. Limeonyesha tu kwamba hesabu ya hewa ukaa peke yake haitoshi kueleza ilikokwenda. Tofauti kati ya kuona na kukadiria nataka waiandike kwenye ripoti kwa maneno yao wenyewe.

Binti wa kidato cha pili amefungua ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, chini ya swali lake la siku ile, akaandika: "Inapokea mzigo wa mwisho na kuwa maji." Kisha ameuliza kama mbegu za alizeti zitatoa 0.67 au namba nyingine. Nimewaagiza waloweke alizeti Jumatano jioni, na nta mpya ya vizibo nimekwisha kuinunua.